Nikikuona Nje, Sikujui

Mjini Mpanda wapo watu wengi watakaokuambia kwamba Tabibu alikuwa mtu wa maringo. Alipita njia ya sokoni mikono nyuma, macho mbele, hamtazami mtu usoni, na ukimwamkia anaitikia "marahaba" moja fupi bila kupunguza mwendo. Wenye maduka wa Makanyagio walimsema mpaka wakachoka. Sisi tuliomjua kweli hatukumsema, wala hatukumwamkia. Tulipishana naye kama watu wasiowahi kuonana, na ndivyo alivyotaka mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kutibu wafungwa. Gereza lenyewe sitalitaja. Liko humu humu mkoani Katavi, na aliyelala mle hahitaji kuambiwa jina. Mimi niliingia kwa ajili ya ng'ombe wa baba. Sisi ni Wasukuma, tulihamia na mifugo upande wa Usevya nikiwa mdogo, na mwaka mmoja majani yalipokauka niliwaswaga ng'ombe hadi ndani ya hifadhi nikijua vizuri ninachofanya. Nikahukumiwa miaka mitatu. Tabibu alizaliwa wapi na kwao ni nani sikuwahi kujua, maana mfungwa hamuulizi askari habari za kwao.

Na yeye alikuwa askari, tusisahau. Alikuwa na sare na cheo begani, ila juu ya sare alivaa koti jeupe ambalo mfuko wake mmoja ulichanika ukashonwa kwa uzi wa bluu. Mlangoni mwa zahanati ya gereza palikuwa na msumari. Akifika pale anavua kofia anaitundika, ndipo anaingia. Kofia ikiwa kichwani wewe ni mfungwa, ikiwa msumarini wewe ni mgonjwa. Siku moja alinikuta nimesimama uani akanifokea, "Chuchumaa, mfungwa! Nani kakuambia usimame?" Nikachuchumaa. Akapita, akatundika kofia, akageuka mlangoni na kuniambia kwa sauti nyingine kabisa, "Karibu ndani, mgonjwa. Mbona unakaa chini kwenye baridi?" Nilidhani ananitania. Hakuwa akitania hata kidogo.

Alikuwa na masikio makubwa, na wafungwa walikuwa na mengi ya kusema kuhusu masikio hayo. Asubuhi, tunapotolewa selo na kuchuchumaa kwa mistari ili tuhesabiwe, askari wengine walihesabu vichwa. Yeye alisimama pembeni karibu na ukuta, amefumba macho, anasikiliza vifua. Hesabu ikiisha anasema, "Mstari wa nne, wa pili kutoka ukutani. Njoo." Hakukosea mara nyingi. Alijua kikohozi cha moshi wa jikoni, cha mafua, cha mtu anayejikoholesha ili asiende shamba, na kile kingine alichokitafuta kila siku.

Ndivyo alivyonipata mimi. Nilikuwa nimekohoa kwa wiki nyingi, lakini asubuhi wakati wa kuhesabiwa nilikuwa nakizuia. Kulikuwa na chumba cha wagonjwa wa kifua kikuu nyuma ya stoo ya mahindi, na selo nzima iliamini kwamba anayeingia mle anatoka amefunikwa blanketi. Siku hiyo nilibana pumzi mpaka machozi yakanitoka. Tabibu akaja akachuchumaa mbele yangu, askari mzima na sare yake, tukawa tunatazamana.

"Unameza kikohozi," akasema. "Nakisikia kinavyogonga kikirudi."

"Sikohoi, afande."

"Sare uliyovaa ni ya serikali. Hicho kifua ni chako. Ukitaka kukiua, subiri utoke ukakiulie kwenu."

Nikapelekwa nyuma ya stoo, nikalia njia nzima bila aibu.

Sikufa, kama unavyoona. Nilimeza vidonge miezi sita, na kila asubuhi alisimama mbele yetu akisema maneno yale yale: "Fungua mdomo. Inua ulimi. Upande huu. Na huu." Alichungulia kila shavu kwa tochi ndogo, maana alijua tunavificha. Watu wa nje wanadhani mgonjwa anatupa dawa kwa ujinga. Sisi tulizitupa kwa njaa. Dawa zile zikishaingia mwilini zinakuamshia tumbo, unataka kula hata ukuta, na chakula cha gereza ni kile kile kimoja. Tabibu aligombana na watu wa jikoni mpaka tukapewa uji kabla ya vidonge. Na siku nyingine alikuja na viazi vitamu vya kwake, vimefungwa kwenye gazeti, anavitupa kitandani kana kwamba ameviokota njiani.

"Kula. Usinitazame."

Ukimshukuru anakasirika. Anaweza kukununia siku mbili kwa sababu ya shukrani.

Lakini asije mtu akamfanya malaika. Alikuwa bahili wa ED, ile karatasi inayomruhusu mfungwa kupumzika kazi ya shamba, akiitoa kana kwamba anakata kipande cha ngozi yake. Wajanja waliweka kitunguu kwapani ili kipimajoto kipande. Yeye ananusa tu. "Hiki kitunguu kimetoka jikoni. Kirudishe, halafu chukua jembe." Wote wanacheka, na mjanja anakwenda shamba. Tatizo ni kwamba baada ya kudanganywa mara nyingi alianza kunusa vitunguu hata pasipo na kitunguu. Mimi nilikwenda kwake nina homa ya kweli, akanitazama kidogo akasema, "Jembe." Nililima mpaka nikaangukia matutani nikabebwa na wenzangu. Alinitibu vizuri baada ya hapo, lakini hakuniomba radhi. Siku ile sijamsamehe hata leo, na nadhani alijua.

Tulimchukia pia kwa ajili ya madirisha. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya huku inaingia mifupani, na sisi tulining'iniza magunia kwenye matundu ya selo ili tupate usingizi. Kila asubuhi aliyang'oa. "Nyie mnajifungia nacho ndani!" anafoka, magunia mkononi. "Mnalala mnapumuliana kifo usiku kucha, kisha mnaniambia baridi!" Tulimtukana kwa Kisukuma, kwa Kipimbwe, kwa Kirundi, kila mtu kwa lugha ya mama yake. Kesho yake tunaweka mengine, naye anakuja kuyang'oa.

Mchana, kazi ikipungua, alicheza drafti na wagonjwa kwa vizibo vya soda. Alikuwa mwizi wa drafti kuliko wezi waliofungwa. Ukikohoa tu, ukifumba macho kidogo, ukifumbua kizibo chako hakipo. Ukilalamika anasema, "Nilikuwa nasikiliza kifua chako, sikuona." Hizo ndizo nyakati pekee nilizomwona akicheka, tena bila sauti, mabega tu yakitikisika.

Wiki moja hakucheza. Alikuwapo mzee mahabusu, kesi yake haijasikilizwa, tumbo likamshika ghafla. Tabibu akasema huyu ni wa kupasuliwa, lazima afike hospitali ya mjini sasa hivi. Gari lilikuwa limekwenda kubeba mahindi. Akaomba pikipiki, akaambiwa mahabusu hasafirishwi kwa pikipiki, atatoroka. Mzee yule hakuweza hata kukaa. Alifariki gari likiwa njiani kurudi na magunia yake. Tabibu aliendelea kumshika kifundo cha mkono muda mrefu baada ya wote kujua kwamba hakuna cha kupima. Kisha akainuka, akavaa kofia akiwa bado ndani ya zahanati, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akatoka.

Nilipopona alinichukua niwe msaidizi wake kwa sababu nilijua kusoma na kuandika. Nilifagia, nikachemsha vifaa, nikaandika majina kwenye daftari la wagonjwa, naye akanifundisha kusikiliza vikohozi. Na hapo ndipo ninapofika kwenye jambo linaloniuma, kwa sababu mkono wangu umo.

Kulikuwa na mfungwa wa Mwese, kule milimani, mtu mpole aliyekuwa akitibiwa kifua pamoja nami. Alipata msamaha akaachiwa akiwa amebakiza miezi miwili ya vidonge. Tabibu alimwandikia kadi ya kwenda kumalizia kwenye zahanati ya kwao, na akanipa muhuri wa gereza niugonge, kama taratibu zilivyotaka. Wino ulikuwa hafifu. Nikaugonga mara ya pili, kwa nguvu, nikafurahi ulivyotoka vizuri.

Hakuna aliyefikiria kitu kimoja. Kijijini kwake wote walijua kwamba yule bwana alikuwa ziwani Karema akivua dagaa. Mkewe alijua hivyo, wakwe walijua hivyo. Sasa aingie zahanati ambayo nesi wake ni jirani wa mama mkwe, amkabidhi kadi yenye muhuri wa gereza? Aliichomeka kwenye nyasi za paa. Vidonge alivyotoka navyo vilipokwisha, akakaa kimya.

Tabibu alisubiri habari kutoka Mwese, haikuja. Akachukua pikipiki yake mwenyewe akapanda milima katika mvua, kwenye njia ambayo hata watu wa huko wanaitembea kwa miguu. Na alikwenda na sare. Hakuwaza, ilikuwa siku ya kazi. Kijiji kizima kikamfuata nyuma kujua askari magereza anamtafuta nani. Alimkuta mtu wake amelala, amebaki mifupa, mkewe kando.

"Nimekuletea dawa," Tabibu akamwambia.

Yule bwana akatazama watu waliojaa mlangoni. "Afande, umepotea nyumba," akasema. "Mimi sikujui."

Tabibu aliacha dawa juu ya kigoda akaondoka. Zilikutwa pale pale, hazijafunguliwa, siku ya mazishi. Aliponisimulia alikuwa amekaa kwenye benchi la zahanati, kofia mapajani. "Nimemuua kwa nguo," akasema. Nikamwambia na mimi nimemuua kwa muhuri. Hakunikatalia. Natamani angenikatalia.

Tangu siku hiyo hakutoka tena nje ya lango la gereza akiwa na sare. Alibadilisha nguo kwenye stoo ya mahindi. Kadi za wanaotoka aliziandika bila muhuri, akapatana na mtu wa kliniki ya mjini aziandikishe kana kwamba wagonjwa wametoka pale mjini. Mkuu wa gereza alipogundua alimpa barua ya onyo, na cheo chake kikabaki pale pale kilipokuwa mpaka anastaafu. Aliendelea tu. Na kila mfungwa anayeachiwa alimwita zahanati, akatundika kofia, akamwambia jambo moja. Mimi pia niliambiwa.

"Nikikuona nje, sikujui. Usiniamkie mpaka uwe peke yako, na hata ukiwa peke yako si lazima. Mimi sitakuangalia. Usije ukadhani nimekusahau."

Nilitoka nikaja kuishi mjini, nikafungua banda la kushona viatu Makanyagio. Niliposa binti wa familia yenye asili ya Burundi, watu wa Mishamo, baba yake mzee wa kanisa. Mzee aliniuliza miaka ile mitatu nilikuwa wapi. Nikasema Kahama, machimboni. Na kwa kuwa kifua changu kilibaki na kovu, nikipanda mlima nakohoa kidogo, mke wangu alipouliza nikamwambia ni vumbi la machimbo. Uongo ukishapata mguu mmoja unakuomba na wa pili, basi nikampa. Miaka minne kila Jumatano mke wangu alikwenda kwenye maombi na kuombea lile vumbi linitoke. Alinichemshia majani. Nilikunywa.

Na Tabibu nilimwona mara nyingi. Alipita mbele ya banda langu, mikono nyuma, macho mbele. Siku moja kiatu chake kilikuwa kimeachia soli, kinapiga makofi kwenye lami, na mimi fundi viatu nimekaa pale na sindano mkononi, mke wangu amekaa kando yangu. Hakusimama. Sikumwita. Akapita nacho hivyo hivyo kikipiga mpaka kona.

Mwaka huu tulimpeleka mtoto wetu wa pili kupimwa uzito hospitalini. Tukiwa tumekaa kwenye benchi la nje, nilisikia kikohozi kutoka upande wa pili wa ua, kwenye kliniki ya kifua. Sikuhitaji kugeuka. Mtu aliyenifundisha kusikiliza hakunifundisha kwa ajili ya kikohozi chake mwenyewe, lakini niliking'amua: kirefu, chenye maji, na mwishoni kinamezwa. Alikuwa anakimeza. Miaka yote ile aliwapima wafungwa wote na hakujipima yeye, na alipostaafu alikaa nacho nyumbani kama sisi tulivyokuwa tukikaa nacho selo.

Nikageuka. Alikuwa amepungua, masikio ndiyo yamebaki vile vile. Aliniona. Akahamisha macho yake taratibu akatazama ukuta.

Nesi wa kliniki, binti mdogo mwenye haraka, alikuwa amesimama mlangoni na karatasi. "Mzee, majibu umeyasikia. Dawa zako za kwanza hizi hapa. Sasa nani atakusimamia nyumbani ukimeza? Lazima niandike jina."

"Sina mtu."

"Mama wa nyumbani?"

"Alifariki."

"Watoto?"

"Wako mbali. Mmoja Mbeya, mmoja Dar."

"Jirani basi, mzee wangu. Huwezi kukosa mtu hata mmoja."

Mtu aliyewasimamia mamia wakimeza vidonge alikuwa amekaa pale amekosa jina moja la kuandika. Sitajifanya shujaa: nilikaa kwanza. Nilitazama viatu vya mtoto. Nilimfikiria mtu wa Mwese na dawa zake juu ya kigoda. Kisha nikampa mke wangu mtoto, nikavuka ua.

"Niandike mimi, sista."

Tabibu hakunitazama. "Sista, huyu kijana amenifananisha," akasema. "Simjui."

Nesi akatutazama wote wawili. Mke wangu alikuwa amenifuata, amesimama nyuma yangu, mtoto begani. "Baba Neema, unamjua huyu mzee?" akaniuliza.

"Amenifananisha, mama," Tabibu akamjibu yeye kwa upole. "Nendeni tu na mtoto. Msikae karibu na mimi."

Alikuwa ananifungulia mlango nitoke. Alikuwa ananiachia nirudi nyumbani na vumbi langu, na Jumatano zangu. Nilitamani kutoka, nasema kweli.

"Hapa panataka uhusiano na mgonjwa," nesi akasema, kalamu imesimama. "Wewe ni nani wake?"

"Mgonjwa wake," nikasema. "Alinitibu kifua kikuu gerezani. Nilifungwa miaka mitatu. Andika hivyo."

Tabibu akafumba macho. Nesi akaandika. Mke wangu akatangulia na mtoto, nami nikamfuata mpaka karibu na nyumbani. Kwenye daraja la mtaro akasimama.

"Machimbo yalikuwa wapi?"

"Hayakuwapo."

"Na vumbi?"

"Halikuwapo."

Akabadilisha mtoto bega. "Sio jela inayoniuma," akasema. "Ningeambiwa jela ningeombea jela. Miaka minne umenisimamisha mbele za Mungu naomba kitu ambacho hakipo, na wewe uko nyumbani unanisubiri nirudi."

Siku ya tatu alikwenda Mishamo kwa baba yake, na watoto wote wawili. Sikumzuia.

Sasa ni mwezi wa tatu wa dawa zake. Kila asubuhi kabla ya kufungua banda nakwenda kwa Tabibu. Nyumba yake ni chumba na sebule, na siku ya kwanza nilikuta amepigilia gunia dirishani. Nililing'oa. Akaanza kulalamika baridi, kwamba mimi ni mtoto na sijui mifupa ya mzee inavyouma, kwamba nimekuja kumuua. Nikamwacha aseme mpaka akachoka. Sikucheka, ingawa nilitaka kucheka, na nilitaka kulia pia. Kesho yake nilikuta ameweka lingine.

Nampikia uji kwanza, maana nazijua dawa zile. Siku hizi ananijua, tukiwa ndani. Jana nilipompa vidonge alivishika kiganjani bila kuvimeza.

"Mkeo amerudi?"

"Bado."

"Nilikuambia nikikuona nje sikujui. Kwa nini hukunisikiliza?"

"Meza, mzee."

Akatazama dirisha, kisha akavimeza vyote kwa pamoja na maji. Nikawasha tochi ya simu. Akafungua mdomo, akainua ulimi, akageuza upande huu na huu, nami nikachungulia kila shavu.